Jinsi ya kuwafundisha wanafunzi kutambua kasoro za kromosomu kwenye picha

Walimu wa biolojia wanaofundisha mada hii kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yale yale. Picha nitazipata wapi? Mbona wanafunzi wangu wanahesabu 92? Kromosomu 21 na 22 nitazitofautishaje? Na huyu aliyepata kasoro isiyokuwepo kwenye kitabu chochote nimwambie nini? Nimeona niyajibu kwa pamoja, kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe darasani.

Jambo moja tukubaliane mapema, kwa sababu hatua zote zimelifuata hilo: mwanafunzi anayeanza na jina la ugonjwa amekwisha kupotea. Mpe picha ya kromosomu pamoja na orodha ya sindromu sita, uone atakavyofanya. Hatatazama picha. Atakimbilia jozi ya 21, akikuta ziko mbili ataruka hadi 18, kisha 13, kama mpiga ramli anayebahatisha jina la mchawi. Kwangu orodha ya magonjwa hukaa ndani ya droo mpaka hatua ya saba. Kwanza wanahesabu, wanapanga, wanalinganisha na kuandika walichokiona. Jina huja mwisho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vipindi viwili vya dakika 80. Kimoja hakitoshi, nimejaribu.
- Picha za kariotaipu, yaani picha za kromosomu zote za seli moja. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Jenomu ya Binadamu ya Marekani imetoa picha ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bure. Tafuta zilizopakwa rangi ya Giemsa, zile zenye mistari myeusi na myeupe. Picha za rangi za kung'aa zinapendeza ukutani lakini zoezi hili haziliwezi, maana rangi yenyewe inamtajia mwanafunzi jibu.
- Karatasi ngumu ya manila, mkasi mkali, bahasha 12.
- Ubao wa kupangia kwa kila kundi: karatasi kubwa yenye nafasi zilizoandikwa 1 hadi 22, na nafasi ya X na Y.
- Rula na kalamu ya risasi.
- Feni izimwe, madirisha yafungwe. Utajua sababu baadaye.

Chapisha moja kwa moja kutoka kwenye faili. Usitoe fotokopi. Fotokopi hula rangi ya kijivu, mistari inakuwa mabaka meusi, na kromosomu 13 na 15 zinabaki bila tofauti yoyote. Kuza picha mpaka kromosomu 1 ifike urefu wa sentimita 5 hivi. Hapo 21 itakuwa na karibu sentimita 1, na bado itashikika kwa vidole.

Kuandaa bahasha

Kila bahasha ina vitu viwili: picha nzima ya seli ambayo kromosomu zimetawanyika ovyo, kwa ajili ya kuhesabu, na vipande vya kromosomu za seli hiyo hiyo vilivyokatwa tayari. Mgawanyo wangu wa bahasha 12 ni huu: nne za kawaida (mbili za kike, mbili za kiume), mbili zenye 21 ya ziada (moja ya kike, moja ya kiume), na moja moja kwa 18 ya ziada, 13 ya ziada, X moja pekee, XXY, mkono mfupi wa kromosomu 5 uliokatika, na ile ya mwisho ambayo 14 na 21 zimeungana. Jumla ni vipande 555. Ni kazi ya jioni nzima, kwa hiyo tafuta wa kukusaidia.

Hizo nne za kawaida usizipunguze. Mwaka wa kwanza niliweka moja tu, na kufikia bahasha ya tatu darasa zima lilikuwa limejua kwamba kila karatasi ya mwalimu ina ugonjwa. Waliopata ile ya kawaida walikaa nusu saa wakitafuta kosa, mwishowe wakalitunga. Kutamka "hii haina tatizo la kuonekana" ndilo jibu gumu kuliko yote katika somo hili, na mwanafunzi hawezi kulizoea iwapo hajawahi kukutana nalo.

Kata kila kromosomu ndani ya kipande cha mstatili, ukiacha nafasi nyeupe pande zote. Usifuate umbo lake kwa mkasi. Mkasi ukipita karibu mno unakula ncha, na umejitengenezea kasoro ambayo hukuikusudia. Nyuma ya kila kipande andika herufi ya bahasha yake, ili kikidondoka kijulikane kwao ni wapi. Namba ya kromosomu usiiandike.

Ukikosa picha halisi ya kasoro fulani, unaweza kuitengeneza kwa kompyuta kutokana na picha ya kawaida. Kwa mfano, kukata mkono mfupi wa 5 ni kazi ya dakika mbili. Kuongeza 21 ndiko kwenye mtego: ukinakili ile ile iliyopo, wanafunzi wataona vipande viwili vinavyofanana hadi doa la vumbi, na watajibu bila kuhesabu. Chukua 21 kutoka picha nyingine, irekebishe ukubwa, igeuze upande kidogo. Baada ya zoezi waambie wazi kwamba picha hiyo uliitengeneza.

Nadharia, dakika kumi tu

Usianze na meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume). Waambie haya, kisha gawa bahasha.

Kromosomu huonekana hivi pale tu seli inapokuwa katikati ya kugawanyika. Kwa kawaida maabara huchukua seli nyeupe za damu (nyekundu zilizokomaa hazina kiini), huzichochea zigawanyike kwa siku tatu hivi, kisha huzisimamisha kwa dawa aina ya kolkisini. Maji yenye chumvi kidogo huzivimbisha ili kromosomu zitawanyike, halafu zinapakwa rangi na kupigwa picha kwa hadubini. Mtu wa kawaida ana kromosomu 46. Hata wataalamu walihesabu vibaya: kwa miaka zaidi ya thelathini vitabu viliandika 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan walipohesabu upya na kutangaza 46 mwaka 1956. Wanafunzi wanaokosea kuhesabu hufarijika sana wakisikia hivyo.

Maneno wanayoyahitaji ni matatu tu. Sentromea ni pale kromosomu inapobanwa, na wanafunzi wangu wamezoea kupaita kiuno. Juu ya kiuno kuna mkono mfupi, unaoitwa p. Chini yake kuna mkono mrefu, q.

Hatua kwa hatua

1. Wahesabu, kila mmoja peke yake.

Picha ya seli nzima igawanywe kwa kalamu ya risasi katika robo nne. Kila kromosomu iliyohesabiwa iwekewe nukta. Mwanafunzi ahesabu mara mbili, asimwambie jirani, ndipo kundi lilinganishe.

Onyo la kwanza ni la wale wanaopata 92. Hao wanahesabu kromatidi. Katika hatua hii ya mgawanyiko kila kromosomu imeshajinakili, hivyo ina nyuzi mbili zilizoshikana kiunoni. Waambie wahesabu viuno, wasihesabu miguu. Sentensi hiyo moja hunimalizia tatizo kwa darasa zima.

Onyo la pili: kromosomu mbili zilizopishana huonekana kama moja yenye umbo la msalaba. Anayepata 45 au 44 arudi kwenye misalaba kwanza, kabla hajatangaza ugunduzi.

2. Wapange kwa makundi kabla ya kutafuta jozi.

Hapa ndipo walimu wengi huruka, na hapa mimi ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo. Mwanafunzi asianze kutafuta mwenza wa kila kromosomu. Kwanza agawe vipande vyote katika mafungu saba, kwa kutazama mambo mawili tu, yaani urefu na mahali kiuno kilipo. Mpango huu ulikubaliwa na wanasayansi waliokutana Denver mwaka 1960, wakati ambapo mistari ilikuwa bado haijaanza kuonyeshwa:

- A: 1 hadi 3. Ndefu kuliko zote, kiuno katikati au karibu yake.
- B: 4 na 5. Ndefu, kiuno kiko juu.
- C: 6 hadi 12, pamoja na X. Za wastani. Hili ndilo fungu la vurugu.
- D: 13 hadi 15. Za wastani, kiuno kiko karibu kabisa na ncha.
- E: 16 hadi 18. Fupi.
- F: 19 na 20. Fupi, kiuno katikati.
- G: 21 na 22, pamoja na Y. Fupi kabisa, kiuno karibu na ncha.

Kisha wahesabu kila fungu. Mwanamke wa kawaida ana A 6, B 4, C 16, D 6, E 6, F 4, G 4. Mwanamume ana C 15 na G 5, mengine ni yale yale. Andika namba hizi ubaoni na uziache hapo mpaka kengele ya mwisho.

Sasa tazama zinavyofanya kazi. Kundi lililopata jumla 47 na D yenye 7 linajua ziada iko kati ya 13, 14 na 15, bila kusoma mstari hata mmoja. E yenye 7 ni 16, 17 au 18. Tatizo limeshuka kutoka kromosomu 47 hadi saba.

Halafu linakuja tukio ninalolisubiri kila mwaka. Makundi mawili yananyosha mikono, yote yana jumla 47, C 16, G 5. Namba zao zinalingana moja kwa moja. Kundi moja linasema ni msichana mwenye kromosomu ya ziada katika G. La pili linasema hapana, ni mvulana mwenye X ya ziada, maana G 5 ni ya mwanamume wa kawaida na C ndiyo iliyozidi. Yote mawili yana haki ya kusema hivyo. Usiwaamulie. Waache wabishane dakika tano, kwa sababu ubishi huo ndio utakaowafanya waitamani mistari. Ukitaka kuwachanganya zaidi, ongeza bahasha ya XYY: ina C 15 na G 6, sawasawa na mvulana mwenye 21 ya ziada.

3. Sasa wasome mistari, fungu kwa fungu.

Waelekeze waweke mkono mfupi juu kila mara. Nusu ya makosa ya hatua hii ni kromosomu iliyopinduliwa kichwa chini.

Waanze na A, kisha D, E, F, G na B. Fungu C liwe la mwisho, wakati vidole na macho vimekwishazoea. Mambo ya kutazama:

D: kromosomu 13 ina weusi mwingi nusu ya chini ya mkono mrefu, 15 nusu ya juu, na 14 ina mstari mweusi mmoja karibu na kiuno na mwingine chini. Waambie weusi "unapanda" kutoka 13 kwenda 15.

E: 16 ina doa zito chini tu ya kiuno. 18 ina mistari miwili mizito kwenye mkono mrefu. 17 imepauka, weusi wake uko chini.

F: 19 ndiyo iliyopauka kuliko zote, ina weusi kiunoni tu. 20 ina mstari mweusi unaoonekana wazi kwenye mkono mfupi.

G: 21 ina ukanda mnene mweusi chini ya kiuno, nusu ya juu ya mkono mrefu. 22 imepauka, ina mstari mwembamba wa kijivu katikati. Wasitumie urefu kuzitenganisha. Kromosomu zilipewa namba kufuata ukubwa, lakini baadaye ikabainika 21 ni fupi kuliko 22. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekwishafungamana na namba 21, namba ikaachwa ilivyo.

B: 5 ina kifungu kikubwa cheusi katikati ya mkono mrefu, ilhali 4 ni ya kijivu karibu kote.

C: waitafute kwanza 7, yenye weusi ncha ya juu kama kofia, na 9, ambayo chini ya kiuno ina sehemu iliyopauka. X ina mstari mmoja mzito kila mkono, umbali unaokaribiana kutoka kiunoni. Zikishatoka hizo tatu, zinazobaki zinapungua ukali.

4. Wazilaze kwenye ubao wa kupangia, wasizibandike.

Situmii gundi kabisa. Gundi humfanya mtu atetee alichokibandika. Kipande kilicholala tu huondolewa bila uchungu.

Kabla ya kwenda mbele, jumla ya vipande ubaoni ilinganishwe na hesabu ya hatua ya 1. Zisipolingana, hakuna kuendelea.

5. Watazame X na Y peke yake.

Y hutofautiana urefu kati ya mwanamume mmoja na mwingine, na hiyo si kasoro. Kila mwaka kuna anayeniletea "Y iliyokatika". Mwonyeshe Y ya bahasha nyingine.

6. Walinganishe kila jozi, juu hadi chini.

Kundi lililopata 46 hufikiri limemaliza. Halijamaliza. Hesabu inaweza kutimia na bado kipande kikawa kimekatika, kimehamia kwingine, au kimepinduka. Waweke jozi ubavu kwa ubavu, rula chini ya viuno vyote viwili, kisha washuke mstari kwa mstari. Bahasha yenye 5 iliyokatika inafichuka hapa tu: jumla 46, B 4, kila kitu sawa, isipokuwa mmoja wa mapacha ana mkono mfupi uliofupishwa.

Onyo: kujikunja si kukatika. Kromosomu ni kama uzi, imelala jinsi ilivyoangukia. Tena moja ya jozi inaweza kuwa imejikaza kidogo zaidi ya mwenzake. Kinachohesabika ni mstari uliokosekana. Urefu pekee haumshitaki mtu. Na wasilinganishe kromosomu ya bahasha moja na ya nyingine kwa rula, kwa sababu kila seli ilikamatwa ikiwa imejikaza kwa kiwango chake.

7. Waandike fomula, ndipo ufungue droo.

Utaratibu ni mmoja duniani kote: jumla, koma, kromosomu za jinsi, koma, kilichobadilika. Kila kundi liandike la kwake ubaoni na lionyeshe vipande vinavyothibitisha. Baada ya hapo toa orodha:

- 46,XX na 46,XY: ya kawaida.
- 47,XX,+21 au 47,XY,+21: sindromu ya Down. Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin waliitangaza kromosomu hiyo ya ziada mwaka 1959.
- 47,+18 (pamoja na XX au XY): sindromu ya Edwards. 47,+13: sindromu ya Patau. Zote mbili ni nzito, watoto wengi hawamalizi mwaka wa kwanza.
- 45,X: sindromu ya Turner. Msichana mfupi wa kimo, ovari zake kwa kawaida hazikui ipasavyo.
- 47,XXY: sindromu ya Klinefelter. Wengi hugundulika wakiwa watu wazima, wanapotafuta mtoto bila mafanikio, na wengine hawagunduliki kamwe.
- 46,XX,del(5p), yaani mkono mfupi wa 5 umekatika: sindromu ya kilio cha paka, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya sauti ya kilio cha mtoto mchanga. Fomula kamili huonyesha pia mstari ambapo mkono umekatikia, kwa darasa hii inatosha.
- 45,XX,der(14;21), yaani 14 na 21 zimeungana: soma hatua inayofuata.

8. Bahasha ya mwisho ipitieni pamoja.

Mpe bahasha hii kundi lenye kasi. Watahesabu 45. D ina 5, G ina 3, C ina moja ya ziada ambayo hawaielewi. Wataandika kwamba mtu huyu amekosa 14 na 21, na watakuuliza kwa huruma aliishi muda gani.

Jibu ni kwamba huyu ni mtu mzima mwenye afya yake. Mkono mrefu wa 14 na mkono mrefu wa 21 vimeungana, na lile umbo la ajabu ndani ya C ndio muungano wenyewe. Waweke kipande hicho mezani, juu yake walaze 14 nzima na chini yake 21 nzima, wafuatishe mistari. Wakiona inalingana, huwa kuna ukimya kidogo halafu kelele. Mtu huyu hana ugonjwa, ila anaweza kupata mimba zinazoharibika, au mtoto mwenye sindromu ya Down aliye na kromosomu 46: 21 mbili kamili na ya tatu iliyobebwa mgongoni na 14. Kati ya watu wenye sindromu ya Down, karibu 95 katika kila 100 wana 21 ya ziada iliyo huru, na 3 hadi 4 wana hii ya kuungana. Anayehesabu jumla tu na kuishia hapo angempita mtoto huyo.

Makosa yanayorudi kila mwaka

*Kutumia kromosomu za wanafunzi wenyewe au za ndugu zao.* Usifanye, hata kama mzazi fulani amejitolea kuleta majibu ya hospitali. Unaweza kumwambia kijana mbele ya wenzake jambo ambalo hata daktari hajamwambia.

*Lugha.* Darasani mwako huenda kuna mwenye mdogo wake wa sindromu ya Down. Sema "mtu mwenye sindromu ya Down". Maneno ya mitaani yakataze dakika ya kwanza, na usicheke hata yakitamkwa kwa utani.

*Kutafuta wa kulaumiwa.* Lazima mtu aulize kosa ni la baba au la mama. Kweli, 21 ya ziada mara nyingi hutokana na kromosomu kutoachana wakati yai linatengenezwa, na uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda. Lakini hutokea pia upande wa baba, hutokea kwa mama kijana, na hakuna alichokula wala alichotenda mtu kikasababisha. Yaseme yote hayo kwa pumzi moja, usiishie kwenye sentensi ya kwanza.

*Kudhani picha inaonyesha kila kitu.* Siko seli haionekani hapa. Ni badiliko la herufi moja ya DNA, na mstari mmoja kwenye picha hizi una mamilioni ya herufi. Kipande kilichopotea kikiwa na chini ya herufi milioni 5 hivi, kwa kawaida jicho halikioni. Kwa hiyo jibu sahihi kwa bahasha zile nne ni "hakuna kasoro inayoonekana kwenye picha hii". "Mtu huyu hana ugonjwa wa kurithi" ni sentensi nyingine kabisa, na mimi humkatia alama anayeiandika.

*Kutegemea seli moja.* Maabara kwa kawaida huchunguza seli 20 za mtu mmoja, kwa sababu wapo wenye mchanganyiko, baadhi ya seli zina 45,X na nyingine 46,XX. Ukipata muda, wape kundi moja picha kumi ndogo za "mtu mmoja" na uwaache wagundue kwamba hazikubaliani.

Mambo yakikwama

*Kundi limepata kasoro isiyokuwepo kwenye orodha.* Tazama kama wamekosa kromosomu moja kati ya 1 na 22. Mimba iliyokosa nzima ya hizo karibu kila mara haifiki kuzaliwa, kwa hiyo kwanza inama uangalie chini ya meza. Siku moja wasichana watatu walinitetea kwa dakika kumi "45,XY,-22" yao, hoja nzuri kabisa, mpaka mmoja aliponyanyua mkono kuandika ubaoni na 22 ikaonekana imenata kwenye mkono wa sweta lake. Na ndiyo sababu ya kuzima feni: hupeperusha vipande.

*Fungu moja limezidi na jingine limepungua kwa kiasi hicho hicho.* Si kasoro, wamepanga vibaya. Mara nyingi ni 16 iliyoingia F, au moja ya C ndogo iliyoingia D ikiwa kichwa chini.

*Hawawezi kutofautisha 21 na 22 hata kidogo.* Kama ni kundi moja, wape kipande cha 21 kilichochapishwa kikubwa mara tatu wakitazame kwanza. Kama ni darasa zima, tatizo ni printa yako. Chapisha upya.

*Mmoja anafanya yote, wengine wanatazama.* Gawa mafungu: huyu D na E, yule F na G, watu wawili kwa C. Atakayemaliza haruhusiwi kugusa cha mwenzake, anaruhusiwa kukikagua tu.

*Wamemaliza mapema mno.* Wamebahatisha. Waombe wakuonyeshe mstari mmoja unaotenganisha 17 na 18, kisha uondoke bila kusema kama wako sahihi.

*Muda umekwisha katikati ya kazi.* Simu ipige picha ya ubao, vipande virudi bahasha yake, kipindi kijacho wapange upya kwa kufuata picha. Hesabu vipande kabla ya kuifunga kila bahasha, na weka akiba ya Y kama sita hivi kwenye bahasha ya pembeni. Ndizo zinazopotea haraka kuliko zote.